Dira, Dishi na Mawe ya Kisiba

Kiswahili kina majina manne ya pande za dunia, na hakuna hata moja lililotokana na sumaku. Kaskazini ni upande wa kaskazi, upepo uliokuwa ukiyaleta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia mwezi Desemba. Kusini ni upande wa kusi, upepo uliokuwa ukiyarudisha. Mashariki na magharibi tumeyapata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni jua linakochomoza na jua linakozama, basi. Upepo na jua. Sumaku ilikuja baadaye, nayo ikaingia na jina lake la Kiarabu: dira.

Leo neno hilo limepanda cheo. Tuna Dira ya Taifa ya Maendeleo, tuna dira ya shule, dira ya chama, dira ya benki. Kila ofisi imebandika dira yake ukutani, chini yake dhima. Katika insha hii nataka kulirudisha neno hili kazini, likanyeshewe mvua kidogo. Nataka tulipandishe juu ya paa la bati katika kata ya Kisiba, wilayani Rungwe, mkononi mwa fundi anayetafuta setilaiti.

Swali langu ni la kihistoria kabla halijawa la kifundi. Watu wa mwambao walipojua kusoma nyota na dira, maarifa yao yaliandikwa, tena mengine kwa mashairi. Fundi wa dishi wa Rungwe naye anajua kusoma anga. Nani ameandika anachokijua?

Mahali penyewe

Kisiba ipo kusini mashariki ya mji wa Tukuyu, ardhi inaposhuka kuelekea Ziwa Nyasa. Kwa Kinyakyusa kisiba ni ziwa au dimbwi, na ukilisikiliza vizuri utagundua ni ndugu wa damu wa neno letu "ziwa", maana yote mawili yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kibantu. Kwa hiyo anayesema "Ziwa Kisiba" anasema "Ziwa Ziwa". Ziwa lenyewe, ambalo wengine huliita Masoko, limejaa ndani ya shimo lililochimbwa na mlipuko wa volkano. Ni duara la maji lenye kingo zilizosimama na msitu kuzunguka.

Kando yake Wajerumani walijenga boma la mawe. Vita vya 1914 vilipoanza, kikosi cha tano cha jeshi lao la Afrika Mashariki kilikuwa na makao hapo. Tukuyu enzi hizo iliitwa Neu Langenburg. Mwezi Mei 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutokea Nyasaland, Wajerumani wakaondoka. Inasimuliwa mpaka leo kwamba kabla ya kuondoka walitupa ziwani fedha na silaha. Hadithi hiyo ndiyo watalii husimuliwa kwanza. Mimi nitaipita, kwa sababu ndani ya ziwa hilo kuna hazina nyingine ambayo imeshatolewa na kupimwa, nayo inahusu sumaku. Tutaifikia.

Kwa sasa tazama milima. Ukisimama ziwani, Kyejo uko karibu kaskazini, na Rungwe wenye urefu unaokaribia mita 3,000 uko nyuma yake kidogo kwa kushoto. Ng'ambo ya Rungwe ndiko Mbeya mjini. Mawimbi ya televisheni yanayorushwa kutoka mnara wa ardhini husafiri kwa kunyooka. Yakikutana na mlima, yamekutana na mlima. Mtu wa bondeni anabaki na chenga.

Hii ndiyo sababu dishi, kwa mtu wa Kisiba, halikuwa pambo la nyumba. Lilikuwa njia ya kuupita mlima kwa juu.

Setilaiti iliyosimama juu yetu ikiwatazama wengine

Mwezi Oktoba 1945, Arthur C. Clarke, Mwingereza ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa riwaya zake za anga, alichapisha makala katika jarida la Wireless World. Hoja yake ilikuwa hivi: chombo kikiwekwa juu ya ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786 hivi, kitaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia inajizungusha. Kwa anayetazama kutoka chini, kitaonekana kimesimama. Mwaka 1964 Syncom 3 ikawa setilaiti ya kwanza kusimama hivyo.

Afrika Mashariki haikuchelewa kuingia, ila iliingia kwa mlango wa serikali. Mwaka 1970 kituo cha Longonot kilifunguliwa katika Bonde la Ufa nchini Kenya, na dishi lake la ukubwa wa jengo likawa linapokea simu kupitia setilaiti ya Bahari ya Hindi. Mwaka huo huo, Desemba 12, Wataliano na Wamarekani walirusha kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, setilaiti ya kisayansi iliyopewa jina la Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha 1975. Mwaka huo NASA waliihamisha setilaiti yao ATS-6 hadi longitudo ya 35 mashariki, ili India iitumie kwa jaribio la mwaka mmoja la kupeleka televisheni vijijini, kuanzia Agosti 1975 hadi Julai 1976. Vijiji kama 2,400 vilipewa madishi ya wavu, aina ya wavu wa banda la kuku, yenye upana wa mita tatu. Clarke mwenyewe, aliyekuwa akiishi Colombo, alifungiwa dishi nyumbani kwake na Wahindi ili naye aone.

Sasa fungua ramani. Ikweta na longitudo ya 35 mashariki hukutana wapi? Karibu kabisa na Kisumu. Kwa mwaka mzima mkulima wa India alielekeza dishi lake magharibi, kwenye anga la Ziwa Viktoria, akapata masomo ya kilimo na afya. Setilaiti hiyo ilisimama karibu juu ya utosi wa mtu wa Kisiba, ambaye hakuwa na habari nayo. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ile ile ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka 1994. Silaumu, nchi ilikuwa na vipaumbele vyake, na Mwalimu hakuiona televisheni kuwa mojawapo. Nasema tu kwamba kuwa chini ya setilaiti si sawa na kuwa na setilaiti. Kinachotofautisha ni dishi, king'amuzi, na mtu anayejua kuvielekeza.

Hesabu za Kisiba

Miaka ya 1990 madishi ya kwanza ya majumbani yalikuwa makubwa, ya wavu, ya hoteli na ya wenye nazo. Mawimbi ya masafa ya juu zaidi yalipoanza kutumika, dishi lilipungua likawa la sentimita 90 au chini ya hapo: kitu cha kufungwa juu ya bodaboda, kupelekwa kijijini, kusimamishwa kwenye kibanda umiza siku ya mechi, kisha kung'olewa na kuhamia kwingine. Ndipo ufundi wa kuelekeza ulipohama kutoka kwa wahandisi ukaja kwa vijana wa mtaani.

Hebu tufanye hesabu kwa Kisiba, latitudo digrii 9.3 kusini, longitudo digrii 33.75 mashariki.

Setilaiti ya digrii 36 mashariki, inayotumiwa na DStv, iko kwenye uelekeo wa digrii 14 hivi kutoka kaskazini kwenda mashariki. Ukitazama huko utauona upande wa Kyejo. Lakini usitazame mlima, inua shingo: setilaiti iko juu kwa digrii 79. Karibu utosini.

Setilaiti ya digrii 7 mashariki, ambayo Azam TV waliichagua walipoanza mwaka 2013, iko kwenye uelekeo wa digrii 288, yaani magharibi ikipanda kidogo kaskazini, na iko juu kwa digrii 57.

Tofauti ya hizi mbili ndiyo inayomtenganisha fundi na mbabaishaji. Setilaiti ikiwa karibu utosini, dira karibu haina kazi. Ukikosea uelekeo kwa digrii tano, kosa halisi angani ni digrii moja tu, kwa sababu karibu na utosi pande zote za dunia zinakaribiana. Dishi la sentimita 90 huweza kuvumilia kiasi hicho. Kinachotaka umakini ni mwinuko. Kwa setilaiti ya digrii 7 mambo hugeuka: kosa lile lile la digrii tano linakuwa karibu digrii tatu angani, na hapo king'amuzi hakioni kitu. Kwa hiyo mtu aliyejifunzia kazi kwenye dishi moja tu anaweza kudhani dira haina maana, na mwingine akadhani dira ndiyo kila kitu. Wote wawili wana ushahidi.

Kuna na jicho linalodanganya. Madishi haya madogo hayatazami mbele ya uso wake; yameundwa yatazame juu zaidi, mara nyingi kwa zaidi ya digrii 20. Dishi la digrii 36 pale Kisiba linaonekana kama linatazama chini zaidi, kumbe linatazama karibu utosini. Anayepita njiani atasema limefungwa vibaya. Mwache apite.

Kazi yenyewe inajulikana kwa kelele zake. Bomba husimamishwa wima kwanza, maana bomba likiegama hesabu zote zimeharibika. Fundi anakaa mbali na bati na nondo, anasoma dira, anachagua alama ya mbali: mgomba, nguzo, pembe ya nyumba. Anarudi kwenye dishi na kulielekeza kwenye alama ile. Anafunga mwinuko kwa spana, kisha anazungusha polepole sana, huku mtoto wa nyumba akiwa mlangoni kutazama skrini. "Bado, fundi!" Kidole kimoja. "Bado!" Kidole kingine. "Imekuja! Aa, imeondoka. Rudisha!" Kisha kichwa cha LNB kinazungushwa kidogo kidogo kwenye mkono wake mpaka ubora upande. Hapo dira iko mfukoni zamani. Ilimaliza kazi yake mwanzoni: ilionyesha pa kuanzia kutafuta.

Mashua na mabegi

Hilo la kuanzia kutafuta ni la kale kuliko dishi. Kilwa Kisiwani ipo latitudo ya digrii 9 kusini, karibu mstari mmoja na Kisiba. Katika karne ya 15 Ahmad ibn Majid wa Julfar, rubani aliyeijua Bahari ya Hindi, aliandika maarifa ya urubani kwa Kiarabu, mengi kwa ushairi, na shairi lake moja lahusu njia ya Sofala. (Ile hadithi kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498, wanahistoria wengi leo wanaikataa.) Kwa mabaharia wa kaskazini nyota ya kivuko ilikuwa ile ya ncha ya kaskazini, lakini ukivuka ikweta nyota hiyo inazama. Kilwa haionekani. Rubani alilazimika kujua nyota nyingine, akiwa na dira mkononi lakini akiendelea kulinganisha: upepo, rangi ya maji, ndege, kina. Dira ilikuwa shahidi mmoja kati ya wengi.

Huku bara, wapimaji wa Kijerumani na Kiingereza walipokuja mwaka 1898 kuweka mpaka kati ya Ziwa Nyasa na Tanganyika, ule uliochorwa Ulaya mwaka 1890 na kukamilishwa kwa mkataba wa 1901, nao hawakuitegemea dira peke yake. Walitazama nyota ili kujua wako wapi. Mtu hawezi kugawa nchi kwa sindano inayoyumba. Wenyeji waliokatwa katikati na mto Songwe walijua walipo bila kupimiwa, ila hawakuulizwa.

Na mwaka 1994, mwishoni mwa Aprili, Wanyarwanda kama 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa siku moja, habari zilitoka huko kwa simu za setilaiti za kubebwa kwenye begi. Unafungua mfuniko ambao ndio antena, unatoa dira. Kutoka Ngara, setilaiti ya Bahari ya Hindi ilikuwa karibu mashariki kamili, juu kwa digrii 50. Hapo digrii chache za kosa zilikuwa tofauti kati ya dunia kusikia na kutosikia. Nalitaja hili kwa wanaodhani tunazungumzia mpira tu.

Ziwa linalokumbuka sumaku

Turudi Kisiba, kwenye ile hazina.

Dira inadanganya kwa njia tatu. Ya kwanza ni ya dunia nzima: kaskazini ya sumaku si kaskazini ya kweli. Kwa Rungwe tofauti ni digrii chache kwenda magharibi, nayo hubadilika mwaka hadi mwaka. Ya pili ni ya kiwandani. Kusini mwa ikweta ya sumaku, ncha ya kusini ya sindano huvutwa chini. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya imeongezewa uzito upande huo huo wa kusini, kwa hiyo ikifika kwetu huinama na kukwaruza kioo. Mtu anaitupa akisema ni feki, wakati ni halali ila ni ya kwao.

Ya tatu ni ya Kisiba yenyewe. Nchi hii ni ya volkano. Kyejo ulimwaga lava takriban mwaka 1800, juzi tu kwa hesabu za milima. Mawe meusi ya aina hii yana chembe za madini ya chuma zenye sumaku. Ukiweka dira juu ya mwamba kama huo, sindano inaweza kulisikiliza jiwe badala ya dunia. Fundi mzoefu hatakuelezea habari ya madini. Atahama hatua kumi, apime tena, na vipimo vikigombana atahama tena. Hiyo ni sayansi, hata kama haina karatasi.

Sasa sikia. Miaka ya 1990 watafiti wa Kifaransa na wenzao walitoboa tope la chini ya ziwa hili wakatoa mihimili inayobeba zaidi ya miaka 40,000 ya historia. Walichopima, pamoja na mambo mengine, ni sumaku ya tope: chembe zile zile zilizooshwa na mvua kutoka kwenye mawe ya kingo. Kiasi chake hupanda na kushuka kadiri mvua, mmomonyoko na kina cha ziwa vilivyobadilika. Kwa kusoma sumaku wakapata kusoma mvua ya enzi ambazo hakuna aliyeziandika. Madini yanayomharibia fundi kipimo ndiyo yaliyotunza kumbukumbu ya tabianchi.

Ndiyo maana sipendi dira kusifiwa kama kitu kisichokosea, iwe ukutani ofisini au mkononi. Sindano husema ukweli wa pale iliposimama, pamoja na mawe, bati na nondo za pale. Anayejua mahali hapo ndiye anayejua kusikiliza na kukata.

Maarifa yasiyo na kitabu

Mvua ya Rungwe, inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, huleta mtihani wake. Wingu zito likishuka mawimbi hufifia, na dishi lililolengwa nusu nusu ndilo la kwanza kukata. Lililolengwa vizuri hubaki na akiba. Kuna pia siku chache baada ya Machi 20 na siku chache kabla ya Septemba 22 ambapo picha ya setilaiti ya digrii 36 hukatika kwa dakika kadhaa, saa sita na nusu mchana au kuelekea saa saba kasorobo, hata anga likiwa jeupe. Wengi hupiga simu kulalamika. Kumbe jua limepita nyuma ya setilaiti, na kelele yake ya redio imeimeza. Fundi anayelijua hili ana dira isiyojali mawe: kwa dakika hizo, jua liko pale pale setilaiti ilipo. Tumerudi kwenye jua, tulikoyatoa majina ya pande.

Siku hizi simu ya mkononi ina programu inayokuonyesha setilaiti kwa mshale juu ya picha ya anga. Ni nzuri, naiunga mkono. Lakini ndani yake kuna kihisi cha sumaku, na kihisi hicho kinadanganywa na bati na jiwe kama sindano ya mwaka 1498. Aliyeanza na programu tu, vipimo vikigombana hajui ahamie wapi.

Vitabu vya maelekezo vinavyokuja kwenye boksi la dishi, mara nyingi ni vya Kiingereza na vimeandikwa kwa nchi ambako setilaiti iko chini, upande wa kusini. Kwetu iko utosini, upande wa kaskazini. Kila fundi wa Rungwe amelazimika kukigeuza kitabu hicho kichwani, peke yake, na alichogeuza anamwambia msaidizi wake juu ya paa. Ibn Majid aliweka maarifa ya namna hii kwenye mashairi ili yashikike kichwani na yasipotee na mtu. Sisi tunaopenda maandishi tunakusanya methali, nyimbo na hadithi za hazina iliyotupwa ziwani, na tunafanya vyema. Fundi naye ana matini. Yuko juu ya paa, anamwambia kijana ashike bomba, asogee mbali na bati, asome tena. Mwenye kalamu na apande.